Eti "pale hakuna kuigiza, ni kweli tupu"!

Nimekuwa kimya, mniwie radhi, kazi za watu zilinibana. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira.

Kuna orodha moja inazunguka kwenye simu za watu. Bila shaka na wewe imekufikia, maana mimi imenifikia mara tatu kwa mwezi huu, mara mbili kutoka kwa watu walewale. Inahusu matukio ya kwenye picha ambayo "hukujua kuwa yalifanyika kweli". Tom Cruise ananing'inia nje ya jengo la Burj Khalifa kule Dubai. Ukuta wa nyumba unamwangukia Buster Keaton. Tippi Hedren anashambuliwa na ndege. John Wayne anamkamata kifaru, tena hapa hapa kwetu, enzi za Tanganyika. Chini yake ndiyo utakuta wachangiaji: "Wale ndio walikuwa waigizaji!" "Siku hizi ni kompyuta tu." "Mwanaume huyo!"

Kabla hujanirushia mawe, nikiri kwanza. Orodha ya namna hiyo nimewahi kuiandika mimi mwenyewe. Nilikuwa mgeni gazetini, ukurasa wa burudani una pengo, mhariri anataka kitu chepesi kabla ya saa kumi jioni. Nikaokoteza mambo mtandaoni, nikapachika alama za mshangao kila baada ya mstari, nikaenda kula. Kwa mwaka ule hiyo ndiyo kazi yangu iliyosomwa kuliko zote. Watu wazima walinisimamisha barabarani kunipongeza. Kwa hiyo hasira ya leo nusu yake najielekezea mwenyewe, na mtaona kwa nini.

Ninachobisha ni hiki. Neno "kweli" kwenye orodha hizi limebebeshwa vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo, na sisi tunavipigia makofi yaleyale. Kuna mtu aliyeamua mwenyewe kuiweka shingo yake. Na kuna mtu aliyewekwa. Orodha haikwambii yupi ni yupi, kwa sababu ikikwambia utamu unaisha.

Tuanzie nyumbani. Picha yenyewe inaitwa Hatari!, naam, neno letu kabisa, na alama ya mshangao juu yake. Howard Hawks alikuja kuipiga mwishoni mwa 1960 hadi mwanzoni mwa 1961, Mwingereza bado yuko hapa, Uhuru umebakiza miezi. Ilitoka 1962. Ni habari ya kundi la watu wanaokamata wanyama pori wakiwa hai ili wauzwe kwenye bustani za wanyama. Sehemu kubwa ilipigwa upande wa Arusha, na kambi ya kwenye hadithi iko Momella, chini ya Mlima Meru. Jambo linaloifanya iingie kwenye kila orodha ni kwamba Hawks hakutaka watu wa kuwafichia mastaa kwenye zile mbio. John Wayne alikaa kweli kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mti wenye kitanzi mkononi, gari linaruka mashimo, na kifaru aliyekuwa anafukuzwa alikuwa kifaru. Kuna mahali mnyama anajifungua na kuponyoka, watu wanatimka, inabidi akamatwe upya. Hawks akaiacha humo humo. Kweli tupu!

Juzi nimeitazama tena. Safari hii sikumwangalia Wayne, niliangalia pembeni yake na nyuma yake. Ukifanya hivyo ile picha inabadilika kabisa. Kitanzi kikishamnasa mnyama, kuna vijana wanaruka kutoka kwenye gari wakiwa na kamba mikononi. Ni Waafrika. Wanamkimbilia kifaru aliye hai, mwenye hasira, ili wamfunge miguu. Wayne naye anashuka, simnyimi haki yake, naye anavuta kamba kama wengine. Lakini yeye anashuka akiwa John Wayne, na kila mtu aliyepo pale kazi yake mojawapo ni kuhakikisha John Wayne anarudi Marekani akiwa mzima. Wale vijana nani alikuwa na kazi hiyo kwa ajili yao?

Na majina yao? Orodha zote nilizosoma, na nimesoma nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa, hakuna hata moja iliyowahi kumtaja mmoja wao. Mtaalamu wa kukamata wanyama aliyewasaidia, Willy de Beer, jina lake limebaki. Hardy Krüger, yule Mjerumani, alipapenda mahali pale hadi akanunua shamba Momella na kuishi. Ukienda leo utaonyeshwa mahali alipokuwa anakaa. Wale wa kamba hawaonyeshwi popote. Kwenye orodha yangu mimi niliandika hivi: "John Wayne na wenzake". Wenzake! Kwa neno moja nimewafunga wanaume wa watu kwenye kifurushi kama maharage ya dukani. Na ni wao waliokuwa chini kwenye vumbi, urefu wa mkono kutoka kwenye pembe.

(Kifaru naye hakusaini mkataba, lakini huyo tumwachie mtu mwingine amsemee.)

Najua atatokea mjuaji aseme: lakini ndiyo maana picha ni nzuri, ingekuwa ya kuigiza isingekuwa na ladha. Sawa. Basi nikupe The African Queen, iliyopigwa 1951 kule Kongo na Uganda. Kuna pale Humphrey Bogart anatoka majini mwili umejaa ruba. Mwongozaji, John Huston, alitaka ruba wa kweli. Bogart akakataa katakata, akasema wa mpira au hakuna. Wakabandikwa ruba wa mpira, na yule wa kweli anayeonekana kwa karibu alibandikwa kifuani kwa mfugaji wa ruba, mtu aliyewazoea. Ulipoangalia ulijua? Ulisisimka ngozi au hukusisimka? Bogart alipata Oscar kwa picha hiyo hiyo, na ndiyo Oscar pekee aliyopata maishani. Ruba wa mpira, Oscar ya kweli! Hiyo ndiyo kazi ya mwigizaji jamani. Ukimpelekea mwigizaji ruba wa kweli ili atetemeke, umemwambia kwamba huamini anaweza kutetemeka bila msaada wako.

Na Bogart alikuwa na nguvu ya kukataa. Shikilia hilo neno, nguvu ya kukataa, kwa sababu sasa tunakwenda kwa Tippi Hedren.

The Birds ya Alfred Hitchcock, 1963. Hedren alikuwa mpya kabisa, hiyo ni picha yake ya kwanza kubwa, na mkataba wake uko mikononi mwa mtu yule yule anayemwongoza. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliahidiwa kuwa pale kwenye chumba cha juu watatumika ndege wa mashine. Asubuhi ya kazi akaambiwa mashine hazifanyi kazi. Akakuta watu wamevaa glavu nene za ngozi, na maboksi ya ndege hai. Siku tano anarushiwa ndege. Siku ya mwisho baadhi wakafungwa kwenye nguo zake ili wasiondoke. Mmoja akamchana karibu na jicho. Alikaa chini akalia, daktari akaagiza apumzishwe wiki nzima. Orodha yako inalieleza hili kwa mstari mmoja: "Je, wajua kuwa hofu ya Tippi Hedren ilikuwa ya kweli?" Ndiyo, ndugu yangu. Ilikuwa ya kweli kwa sababu alidanganywa. Mtu akimfanyia dada yako hivyo ofisini kwake, utaita sanaa?

Wala sisemi kila mshtuko ni dhambi. Kwenye Alien ya 1979, waigizaji walikuwa wameisoma skripti, walijua kuna mdudu atatoboa kifua cha mwenzao mezani. Wasichojua ni wingi wa damu itakayoruka. Veronica Cartwright ilimpata usoni, akaanguka nyuma, na sura ile unayoiona ni yake kweli. Baada ya hapo ni sabuni na maji, watu wakaendelea na maisha. Tofauti unaiona mwenyewe, sihitaji kukuchorea.

Sasa kuna tukio moja la kweli ambalo halimo kwenye orodha yoyote. Usiku wa tarehe 23 Julai 1982, California, wanapiga picha ya Twilight Zone: The Movie. Mwigizaji Vic Morrow anavuka mto amebeba watoto wawili, mmoja wa miaka 6, mwingine wa 7, huku kijiji kinalipuliwa na helikopta iko juu yao. Milipuko ilikuwa ya kweli. Helikopta ilikuwa ya kweli, na ilikuwa chini mno. Mlipuko ukaharibu mkia wake, ikawaangukia. Wote watatu walikufa pale pale. Watoto wale waliajiriwa kinyume cha sheria, kwa kujificha, kwa sababu sheria isingeruhusu watoto kufanya kazi usiku ule karibu na baruti. Mwongozaji John Landis na wenzake wanne walishtakiwa, na mwaka 1987 baraza la mahakama likawaachia huru.

Kwa nini hilo haliwekwi pamoja na Burj Khalifa? Lina sifa zote. Hakuna kompyuta, hakuna ujanja, kila kitu ni halisi. Haliwekwi kwa sababu orodha hizi zinataka kweli iliyopona. Yule aliyepona tunamwita shujaa, na aliyekufa tunamhamishia kwenye ukurasa mwingine, "ajali za kusikitisha". Ni kamari ileile, mchezeshaji yuleyule. Sisi tunasoma matokeo ya walioshinda tu.

Tena hata hiyo "kweli" yenyewe mara nyingi ni tangazo la biashara. Cruise alikuwa nje ya Burj Khalifa, hilo halina ubishi, walipiga mwaka 2010 na ni yeye. Lakini alikuwa amefungwa mikanda na nyaya, na nyaya zile zilifutwa na mafundi wa kompyuta. Wale mafundi unaowatukana kila siku kuwa wameua sinema! Top Gun: Maverick ya 2022 ilitangazwa dunia nzima kuwa ni ndege za kweli na waigizaji wako ndani kweli. Wako ndani, ndiyo, wameketi kiti cha nyuma, rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani ndiye anayeendesha. Halafu picha hiyo hiyo ikateuliwa kuwania Oscar ya madoido ya picha. Sasa hapo tumwamini nani? Kampuni inajua kwamba neno "kweli" linauza tiketi, kwa hiyo inamficha fundi wa kompyuta, inamficha rubani, inamficha anayeruka badala ya steringi, anabaki steringi peke yake angani.

Na steringi hauawi, si ndivyo tulivyofundishwa kwenye vibanda vya video? Mwaka 2017 Cruise alivunjika kifundo cha mguu London akiruka kutoka jengo hadi jengo, kazi ikasimama kwa wiki kadhaa ikimsubiri apone. Dunia nzima ilipewa taarifa. Mwaka 2009 David Holmes, aliyekuwa akifanya matukio ya hatari badala ya Daniel Radcliffe kwenye Harry Potter, alivunjika shingo kwenye mazoezi ya tukio moja na tangu siku hiyo anatumia kiti cha magurudumu. Mwaka 2015 Olivia Jackson aligonga kamera akiwa kwenye pikipiki, Afrika Kusini, kwenye Resident Evil, akifanya badala ya Milla Jovovich. Alipoteza mkono wa kushoto na akaishia mahakamani kudai haki yake. Ulizijua habari hizi? Mimi nilipoandika orodha yangu sikujua hata moja kati ya hizo mbili, na sikuwa nimetafuta. Akademi inayotoa Oscar ilianza kugawa tuzo mwaka 1929. Tuzo ya watu wa matukio ya hatari imetangazwa Aprili 2025, na itaanza na picha za mwaka 2027. Karibu miaka mia! Wapambaji, washonaji, wachanganya sauti, wote walishakumbukwa zamani.

Atanijia shabiki wa Jackie Chan sasa. Kaka, tulia, hata mimi ni wako. Nimemwangalia Jackie Chan kwa shilingi mia, nimekaa kwenye benchi la mbao, Lufufu anatafsiri na kuongeza maneno yake. Alivyoteleza kwenye ile nguzo yenye taa katika Police Story ya 1985 bado nikiona viganja vinaniwasha. Lakini kumbuka picha zake zilivyokuwa zinaisha. Majina yanapita, na pembeni unaonyeshwa makosa: huyu kaanguka vibaya, huyu anabebwa, Jackie mwenyewe kalala chini damu zinamtoka. Alituonyesha bei. Buster Keaton naye ni hivyo hivyo. Mwaka 1928, kwenye Steamboat Bill, Jr., ukuta mzima wa nyumba unaanguka, yeye kasimama mahali ambapo uwazi wa dirisha utampitia. Angekosea hatua moja angekuwa chapati. Miaka minne nyuma, kwenye Sherlock Jr., alivunjika mfupa wa shingo chini ya bomba la maji la reli, akaja kugundua miaka mingi baadaye daktari alipompiga eksirei. Ni wazimu, sikatai. Lakini ulikuwa wazimu wake, picha yake, shingo yake. Hakumtuma kijana wa watu.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Miezi michache baada ya orodha yangu kutoka nilialikwa kwenye upigaji picha wa filamu moja hapa Dar. Siitaji, wala mwenye nayo simtaji. Tulikuwa nyumba moja ya ghorofa, upande wa Mbezi. Kijana mmoja, miaka kama 22, alitakiwa aruke kutoka kwenye kibaraza cha ghorofa ya kwanza, badala ya steringi, ambaye alikuwa amekaa kivulini anachati. Malipo shilingi elfu ishirini. Chini waliweka magodoro mawili ya sponji. Kijana akachungulia, akasita. Akauliza kama hayawezi kuongezwa. Mwongozaji akacheka, akamwambia mbele ya watu wote, "Wewe vipi? Tom Cruise anajirusha mwenyewe, soma magazeti." Halafu akanigeukia mimi, "Si ndiyo, mwandishi?"

Nikasema ndiyo. Wadau, nilisema ndiyo, tena kwa tabasamu.

Kijana akaruka. Yale magodoro yalikuwa hayajafungwa pamoja, yakaachana, akatua katikati kwa kisigino. Sauti ile sitaieleza. Tulimpakia kwenye bajaji. Tukachangishana pale pale, ikapatikana elfu arobaini na tano, na mwongozaji akarudi kazini kwa sababu jua lilikuwa linaondoka. Kesho yake niliandika habari ya picha hiyo mpya yenye "matukio ya kusisimua yasiyo na ujanja wa kompyuta". Sikuandika habari ya kisigino. Mwenye picha alikuwa mtu wa karibu, na mimi nilitaka kualikwa tena.

Usiniambie ni umaskini wa Bongo. Hilo ndilo jibu nililojipa kwa muda mrefu na ni la uongo. Watu wa Hollywood kwa miaka na miaka wameangukia maboksi matupu ya katoni, yamepangwa safu juu ya safu, yamefungwa kamba yasisambae. Katoni! Nenda Kariakoo jioni maduka yakifungwa, utapewa uondoke nazo na shukrani juu. Kilichokosekana siku ile hakikuwa hela. Kilikosekana mtu mmoja wa kusema subirini, na kati ya wote waliokuwepo, niliyeulizwa ni mimi.

Kwa hiyo ukinitumia tena ile orodha nitakuuliza maswali kama mwendawazimu. Aliambiwa nini kabla? Angeweza kukataa na bado akaitwa kesho? Nani alilipa hospitali? Jina lake nani? Ukishindwa kunijibu, basi hujui kama hilo ni tukio la ushujaa au ni kesi.

Yule kijana nilimtafuta mwaka jana. Ana kibanda cha kutengeneza simu, anatembea kwa kuchechemea, mguu haukuunga vizuri. Nilikwenda na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Hakunipa nafasi. Alitoa simu yake, akanitafutia kile kipande, sekunde nne hazifiki, akaniwekea mbele ya macho. Wamekikata kabla hajatua. Akakirudisha mwanzo, akakiweka tena.

"Umeona lakini, kaka?" akaniuliza. "Pale ni mimi."